Bamba la ABS la milimita 3 kwa ndani ya gari la zamani: linapofaa na linapokataa

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Bamba jeusi la plastiki ya ABS, unene wa milimita 3, upande mmoja una mikunjo midogo inayoiga ngozi na wa pili ni laini, ndiyo malighafi bora ya kutengenezea nyumbani paneli za pembeni mwa miguu, kisanduku cha kuzunguka mkono wa gia, vikalio vya spika na vitrei vya chini ya dashibodi. Kwa paneli za milango linafaa, ila kwa masharti. Kwa rafu ya nyuma chini ya kioo na kwa uso wa juu wa dashibodi, usilinunue. Tunalipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotelea kwenye joto.

Magari mengi ya miaka ya 1950 hadi 1970 yalitoka kiwandani na paneli za hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) iliyovalishwa leza, yaani kitambaa cha ngozi bandia. Volkswagen Beetle na Mini ya kwanza ni mifano inayojulikana. Hadibodi ile mara nyingi haiuawi na uzee, inauawa na maji. Mvua hupenya kwenye mpira wa kioo na kushuka ndani ya mlango. Kama nailoni ya kuzuia unyevu imechanika, ukingo wa chini wa hadibodi hunywa maji, huvimba, na matundu ya klipu hugeuka unga. ABS hainywi maji hivyo, na hapo ndipo inapoishinda hadibodi waziwazi. Kwa uzito hazipishani sana: bamba zima la futi 4 kwa 8 la milimita 3 lina kilo 9 na kitu.

Shida huanzia dukani, maana si kila bamba jeusi linaloitwa ABS ni ABS. Omba kipande kidogo ukitumbukize kwenye maji. Kikielea, hiyo ni polipropilini au polithini, na gundi yoyote utakayoipaka itabanduka kama ngozi ya kitunguu. ABS huzama. Kisha kata ukanda wa sentimita 2 kwa 15 uukunje kwa mkono hadi pembe mraba. ABS nzuri hugeuka nyeupe kwenye mkunjo, ikapinda bila kuachana. Ya kurejelezwa iliyochanganywa ovyo hukatika kwa mlio, na ikikatika mkononi itakatika pia pale skrubu itakapokazwa. Pima unene kwenye kona zote nne. Bamba lenye milimita 3.2 upande mmoja na 2.7 upande mwingine litapata joto bila usawa na mkunjo wako utaenda mshazari.

Muuzaji makini atakuwa na karatasi ya vipimo vya bidhaa. Tafuta humo kiwango cha Marekani cha usalama wa magari, FMVSS 302, kinachotaka nyenzo za ndani ya gari zisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Si kwamba ukaguzi utakudai karatasi hiyo kwa gari la mwaka 1967, ila ni busara kujua umezungukwa na nini.

Onyo la pembeni: usikubali kushawishiwa na ile bodi nyepesi ya mabango, ya PVC yenye povu. Inakatika kwa wembe kama siagi, inavutia kweli, lakini hulegea kwenye joto ambalo gari lililofungwa juani hulifikia siku ya kawaida tu. Paneli ya mlango ya bodi hiyo huanza kujipinda ndani ya msimu mmoja wa kiangazi.

Kuhusu unene, milimita 1.5 inafaa tu kama kitu cha kuvalishwa leza juu ya umbo lingine. Milimita 2 ni ya vifuniko vidogo. Milimita 3 ndiyo ya kazi nyingi. Milimita 4.5 ichukuliwe kwa kisanduku cha katikati kitakachoegemewa na kiwiko, ukijua kwamba kuikunja kwa hita ya mkono ni kazi ya subira.

Bamba haliwezi kuokoa pateni mbovu, yaani kielelezo cha kukatia. Paneli ya zamani isiwe kielelezo pekee: imeshavimba chini, imeshasinyaa juu, na huenda iliwahi kukatwa na fundi mwingine. Ilaze juu ya kadibodi ngumu uchore mzunguko wake, kisha peleka kadibodi kwenye mlango wenyewe na uchukue matundu ya klipu kutoka kwenye chuma. Njia rahisi ni kuweka tone la rangi au chokaa yenye mafuta kwenye ukingo wa kila tundu la mlango, kisha kubandika kadibodi mahali pake na kuibonyeza, nayo matundu yatajichapa. Usigeuze pateni ya kushoto ukaiita ya kulia bila kuijaribu. Magari mengi ya zamani yalichomelewa kwa mikono, na tofauti ya milimita 3 hadi 5 kati ya mlango na mlango si ajabu. Acha nafasi ya milimita 2 kuzunguka nguzo ya mkono wa kushushia kioo, na kama paneli itavalishwa leza, punguza unene wa leza na sponji yake pande zote kabla ya kukata.

Kukata ni raha. Kwa mstari ulionyooka, weka rula ya chuma, pitisha kisu chenye ncha ya ndoano mara 5 au 6 hadi upate mfereji wa kama theluthi moja ya unene, kisha vunja kwa kukunja kuelekea upande usio na mfereji. Kwa mistari iliyopinda tumia jigisoo yenye wembe wa meno madogo wa kukatia chuma laini, mwendo wa polepole. Ukiharakisha, plastiki huyeyuka na kujiunga tena nyuma ya wembe, na utadhani hujakata kitu. Kila kona ya ndani ianze na tundu la milimita 6 lililotobolewa kwa kekee, ndipo msumeno ufikie hapo. Kona ya ndani iliyokatwa kwa ncha kali ni mwanzo wa ufa, na ufa huo hauonekani siku ya kwanza. Matundu yatobolewe juu ya ubao ulioegemezwa chini, na katikati ya tundu pasikaribie ukingo kwa chini ya mara mbili ya kipenyo chake.

Kwenye kukunja ndipo bamba hili linapoonyesha thamani yake, na ndipo wengi wanapoliharibu. ABS huanza kulegea karibu na nyuzi joto 105 za Selsiasi, na hukubali umbo vizuri kati ya 140 na 170. Kukunja likiwa baridi kunaweka weupe kwenye mkunjo, na weupe ule si uchafu wa kufuta, ni plastiki iliyoanza kupasuka ndani kwa ndani. Pasha ukanda mwembamba wa sentimita moja hivi kwenye mstari wa mkunjo, pande zote mbili kwa zamu, hita ikiwa umbali wa sentimita 5 na isisimame mahali pamoja. Ubao wenye waya wa joto ulionyooka hufanya kazi safi zaidi kuliko hita ya mkono kwa mkunjo unaozidi sentimita 30. Utajua tayari pale upande unaoning'inia unapoanza kushuka kwa uzito wake wenyewe. Uso wenye mikunjo ya ngozi ukianza kung'aa, umepitiliza. Mikunjo ile imelala na hairudi.

Ukishakunja, bana kwenye ubao wenye pembe unayotaka na uzidishe nyuzi 2 au 3, kwa sababu plastiki hurudi nyuma kidogo ikipoa. Acha ipoe yenyewe dakika kadhaa. Kuimwagia maji ili uwahi huacha mkazo umefungiwa ndani, na mkazo huo utaukuta baadaye, siku ya kupaka rangi. Mkunjo wa ndani uwe na mviringo usiopungua unene wa bamba, yaani milimita 3.

Kuna jambo ambalo maelezo ya wauzaji hulinyamazia. Bamba hili hutengenezwa kwa kusukumwa na kuvutwa kwenye mashine, na likipashwa moto lote kwa pamoja husinyaa zaidi upande lililovutwa kuliko upande wa pili. Kata mraba wa sentimita 10, upashe kwenye oveni hadi ulegee, upoe, kisha pima. Upande uliopungua zaidi ndio mwelekeo wa mvuto, nao uandike kwa chaki kwenye kila kipande kabla hakijatengana na bamba mama. Kwa kazi ya kukunja mstari mmoja haisumbui. Kwa kazi ya kulegeza bamba zima juu ya umbo, ukisahau hili kifuniko kitatoka kifupi.

Na kwa kazi hiyo ya kulegeza bamba zima, oveni isiwe ya kupikia chakula, na chumba kiwe na hewa inayopita, kwa sababu kuvuta mvuke wake si kuzuri kwa afya. Bamba lililokaa wazi mahali penye unyevu huhifadhi maji kidogo. Likifika joto la kuumbika, maji hayo hutoka kama malengelenge. Dawa ni kulikausha kwanza kwenye nyuzi 80 kwa saa 2 hadi 4. Umbo la mbao lipewe mteremko wa nyuzi 3 hadi 5 kila upande ili kitu kitoke bila kung'ang'ania, na lipashwe kidogo, maana mbao baridi huacha alama za mawimbi kwenye plastiki.

Hesabu ya unene ifanywe mapema. Chukua kitrei chenye kitako cha sentimita 20 kwa 20 na kina cha sentimita 5. Kitako kina sentimita za mraba 400, na kuta nne zinaongeza 400 nyingine. Kama ni lile eneo la kitako peke yake lililovutika kuziba vyote, bamba la milimita 3 limebaki na wastani wa 1.5, na kwenye kona za chini ni chini ya hapo. Bonyeza kona hizo kwa kidole gumba utazisikia zikibonyea. Kwa vitu virefu hivyo anza na milimita 4.5, au uachane na kuvuta kabisa ujenge kisanduku kwa vipande bapa vilivyounganishwa. Kwa gari la zamani, lenye mistari iliyonyooka, njia ya pili mara nyingi inapendeza zaidi.

Kuunganisha hakuhitaji gundi ya kununua. Kusanya vinyoleo vya bamba lenyewe kwenye chupa ya kioo, mimina asetoni ivifunike, funga, acha hadi kesho yake. Ukitaka kuungia pembe, mchanganyiko uwe mwepesi. Ukitaka kujazia, uwe mzito wa kudondoka polepole kutoka kwenye kijiti. Kila kona ya ndani iongezewe ukanda wa ABS wa upana wa milimita 25. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kujaza mfereji wote kwa mkupuo mmoja. Juu hukauka, chini hubaki laini, na wiki mbili baadaye panabonyea na rangi inaonyesha bonde. Jaza tabaka la milimita moja, ngoja saa 24, rudia, kisha ngoja siku kadhaa kabla ya msasa. Asetoni hushika moto kwa urahisi mno, hivyo chupa hiyo na hita zisikae meza moja.

Sasa masharti ya paneli za milango. ABS hutanuka kwa kiasi cha milimita 0.08 hadi 0.1 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Chuma hutanuka milimita 0.012 tu. Paneli ya mlango yenye urefu wa mita 1.05, iliyofungwa asubuhi kwenye nyuzi 15, ikifika nyuzi 60 mchana juani, imerefuka kwa milimita 4 hivi. Mlango wenyewe umerefuka nusu milimita. Tofauti hiyo lazima iende mahali. Kama klipu zote zimebanwa kwa kukaza, paneli itafanya tumbo katikati, au itachomoa klipu za pembeni moja baada ya nyingine, halafu utailaumu klipu.

Kwa hiyo tundu moja tu, la katikati, likae kwa kubana. Mengine yote yarefushwe kuelekea mwelekeo wa urefu wa paneli, milimita 2 kila upande kwa yale ya mwisho, na pungufu kadiri unavyokaribia katikati. Skrubu ya mkono wa mlango ikae na washa pana, ikazwe hadi iguse, si hadi izame. Pembeni acha mwanya wa milimita 3 kabla ya ukingo wa chuma, ufichwe na leza iliyokunjwa au na mpira wa mlango. Mwenye kukata matundu kwa kipimo halisi cha klipu, eti ili kazi ionekane nadhifu, ndiye atakayerudi kununua bamba la pili. Na ile nailoni ya ndani ya mlango irudishwe. ABS haivimbi, lakini maji yanayoipita hushuka kwenye zulia.

Kuvalisha leza juu yake kuna mambo mawili ya kujua. Pini za stepla hazishiki kwenye ABS ya milimita 3, kwa hiyo ukingo wa sentimita 2 hadi 2.5 unakunjwa nyuma na kugandishwa kwa gundi peke yake. Hapa hadibodi ina nafuu. Gundi iwe ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa hadi isinate kidoleni, na iwe imeandikwa wazi kwamba inahimili joto kubwa. Gundi za kupuliza za kazi za kawaida hulegea karibu na nyuzi 60 au 70, na utaona leza ikiachia kwanza kwenye mabonde, pale inapovutwa kutoka kwenye uso. Jaribu gundi kwenye kipande kilichobaki kabla, kwa sababu viyeyushi vikali hulainisha ABS na kuacha makovu yanayoonekana kupitia leza nyembamba. Kwa kona za mviringo kata leza kwa vipembe vya V bila kufika ukingoni, acha milimita 3.

Jambo jingine dogo linaloua vipande vizuri ni dawa ya kuzuia nati zisilegee, ile ya matone. Ikigusa ABS iliyo kwenye mkazo, huipasua kuzunguka skrubu. Tumia nati yenye nailoni ndani badala yake.

Rangi ni rahisi mradi usiharakishe. Osha kwa spiriti ya isopropili, piga msasa namba 400 upande laini au kitambaa cha kusugulia upande wenye mikunjo, kisha puliza rangi ya leza na plastiki kwa tabaka nyembamba tatu au nne. Tabaka moja nene yenye thina kali huchora nyufa za utando wa buibui, hasa juu ya mikunjo iliyopozwa kwa haraka. Mkazo uliofungiwa hujitokeza hapo.

Jua ndilo adui asiyeshindwa. Sehemu ya mpira iliyomo ndani ya ABS, inayoipa ugumu wa kustahimili kishindo, ndiyo ile ile inayooza kwa mwanga wa jua. Bamba jeupe hugeuka njano, kisha hukauka na kukatika. Citroën Méhari ya mwaka 1968 ilikuwa na bodi ya ABS, na wenye magari hayo wanajua vizuri jinsi paneli zinavyofifia na kupasuka. Jeusi huvumilia zaidi, na lililovalishwa leza huvumilia zaidi ya hapo. Rafu ya nyuma hukaa chini ya kioo cha mshazari, ikipigwa na jua na kubeba mzigo bila nguzo katikati. Hapo ABS hulegea kwa uzito wake, ikabaki na bonde. Plaiwudi ya milimita 4 iliyopakwa vanishi pande zote na kingo inafanya kazi hiyo bila kelele.

Na mwonekano? Mikunjo ya ABS ni midogo na haina mpangilio, wakati leza za zamani zilikuwa na mikunjo mikubwa zaidi, na nyingi zilikuwa na mistari iliyochapwa kwa joto kiwandani, ambayo nyumbani huwezi kuiiga isipokuwa kwa kushona. Mwenye gari la mashindano ya uhalisia asipoteze muda: hadibodi, leza ya aina ile ile, na paneli zionekane kama zilivyotoka. Mwenye gari la kuendeshwa, linalonyeshewa na kubeba watoto, ABS chini ya leza itampa paneli itakayoishi muda mrefu kuliko ya kwanza.

Bamba moja la futi 4 kwa 8 linatosha gari la milango miwili. Paneli mbili za milango za mita 1.05 kwa 0.55 zilale kukata upana wa bamba, zikichukua mita 1.1 ya urefu. Paneli mbili za pembeni nyuma, za mita 0.7 kwa 0.5, zikae sambamba na kuchukua mita 0.7 nyingine. Kipande cha mita 0.64 kinachobaki kinatoa paneli za miguu na kuta za kisanduku cha gia. Mikunjo ya uso haina mwelekeo, kwa hiyo vipande vya bapa vinaweza kugeuzwa upande wowote bila kuonekana tofauti. Vile vitakavyopashwa moto kipande kizima ndivyo vya kufuata alama ya chaki. Mabaki usiyatupe: vipande virefu ni vya kuongezea kona, na vinyoleo ni vya kwenye chupa ya asetoni.